Somo la Pili Si Kushika Mbili

Tuseme mwanao yuko Marekani anasomea shahada ya uzamifu. Jioni moja simu inalia. Baada ya salamu, na baada ya kuulizana habari za nyanya na za mvua, kijana anakuarifu kwamba pamoja na fizikia iliyompeleka huko, sasa ameamua kuchukua somo la pili liitwalo sayansi za vitu yabisi. Anajaribu kukueleza, nawe unaitikia, "Haya, haya, mwanangu." Lakini simu inapokatika unamgeukia mama watoto na kumwambia kwamba kijana ameanza kupotea njia.

Wasiwasi wako una sababu. Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka, na wewe ndiwe uliyeuza kishamba kile cha mtoni ili apate nauli. Isitoshe, majirani waliochanga wanauliza kila Jumapili baada ya ibada iwapo daktari amekaribia kurudi. Utawaambia nini? Kwamba amesimamisha fizikia akaanza kusoma mawe?

Leo, msomaji wangu, tuzungumze juu ya hili somo la pili. Nataka ukimaliza kusoma ukurasa huu uweze kumjibu mtoto kama mtu aliyeelewa, uweze pia kumuuliza maswali ambayo yatamfaa. Maana kuna wazazi waliowakataza watoto jambo jema kwa kutolijua, na kuna wengine walioridhia jambo bila kujua mipaka yake. Wote wawili hatimaye huumia.

Tuanze na neno lenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba vitu huwa katika hali tatu: yabisi, kiowevu na gesi. Barafu, maji ya mtungini, na mvuke unaotoka kwenye birika ni kitu kimoja katika hali hizo tatu. Yabisi ni kile kinachoshika umbo lake ukikiweka juu ya meza. Sufuria ni yabisi. Chumvi ni yabisi, na vilevile kigae, sarafu, kisu, na lile bamba jeusi lililo juu ya paa likinywa jua ili taa iwake usiku.

Utasema, hayo nayajua, sasa cha kusomea miaka mitano ni kipi? Subiri kidogo. Ile grafaiti nyeusi iliyo ndani ya penseli ya mtoto na almasi iliyo katika pete ya tajiri ni kitu kile kile, kaboni. Ya kwanza ni laini hata inaacha alama kwenye karatasi, ya pili inakata kioo. Tofauti yao ni mpangilio tu: jinsi atomi zilivyoshikana, nani amekaa karibu na nani. Atomi zinapojipanga kwa utaratibu unaojirudia, tunapata fuwele. Chukua chembe za chumvi uziangalie kwa kioo cha kukuzia, utaona vijisanduku vidogo vyenye pembe sawasawa. Hakuna fundi aliyevichonga. Ni mpangilio wa ndani uliojitokeza nje.

La ajabu zaidi ni hili. Silikoni iliyo safi kabisa hupitisha umeme kwa shida. Lakini ukiichanganya na fosforasi, hata iwe ni atomi moja tu katika kila atomi milioni, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka maelfu ya mara. Mama yeyote anayepika anaelewa jambo hili: kijiko kimoja cha chumvi hubadilisha chungu kizima. Ila hapa kijiko ni kidogo kiasi kwamba mpishi anatakiwa awe na mizani ambayo haijapata kuonekana jikoni.

Sasa hebu jiulize: kazi hii ni ya nani? Jinsi umeme unavyosafiri ndani ya fuwele ni swali la mwanafizikia. Jinsi ya kuisafisha silikoni na kuitia ile fosforasi kwa kipimo ni kazi ya mwanakemia. Fuwele zenyewe zimejulikana tangu zamani na watu wa madini na miamba. Na kukigeuza kipande hicho kuwa kifaa cha kuuzwa dukani ni jukumu la mhandisi. Kila mmoja ameshika upande wake, na hakuna hata mmoja anayeweza kuimaliza safari peke yake.

Ni kama kujenga nyumba. Mwashi ana kazi yake, seremala yake, fundi wa bomba yake, na wa umeme yake. Lakini sote tumeona nyumba ambazo mwashi alimaliza ukuta, akapaka na plasta, ndipo fundi wa bomba akaja na nyundo kuubomoa upya. Mwashi aliyejifunza kidogo mambo ya mabomba hageuki kuwa fundi wa bomba. Bado ni mwashi. Ila huacha nafasi pale panapohitajika, na mwenye nyumba halipii ukuta mmoja mara mbili. Hilo, mpenzi msomaji, ndilo somo la pili.

Haya si maneno ya kujipa moyo. Tazama historia. Mnamo Desemba 1947, katika maabara ya kampuni ya simu iitwayo Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walifaulu kukuza mawimbi ya sauti kwa kipande cha jemaniamu. Hiyo ndiyo transista ya kwanza. Pamoja na William Shockley, aliyekuwa kiongozi wao, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Bardeen alipata nyingine ya fizikia mwaka 1972, na hadi leo hakuna mtu mwingine aliyepata ile ya fizikia mara mbili. Je, alianzia wapi mtu huyu? Shahada zake mbili za mwanzo zilikuwa za uhandisi wa umeme. Fizikia alikuja kuisomea baadaye.

Lakini transista ile ya kwanza ilikuwa kitu cha kubahatisha, kwa kuwa jemaniamu yenyewe ilikuwa na vipande vingi vya fuwele vilivyoshikana ovyo. Ni mwanakemia, Gordon Teal, aliyesisitiza kwamba lazima itumike fuwele moja isiyo na maungio. Wakubwa wake hawakuona haja hiyo. Akashirikiana na mhandisi aliyeitwa John Little, wakawa wanafanya kazi hiyo baada ya saa za kawaida, wakivuta fuwele polepole kutoka katika jemaniamu iliyoyeyushwa. Wakathibitisha. Baadaye Teal alihamia kampuni nyingine huko Texas, na mwaka 1954 akatoa transista ya silikoni. Redio ndogo za transista, zile zilizowafikishia wazee wetu habari na matangazo ya vifo hadi vijijini, zina deni kwa mwanakemia yule mbishi.

Kuna hadithi nyingine inayotuhusu zaidi sisi tuliokulia penye giza. Mhandisi Daryl Chapin wa maabara ile ile ya Bell alipewa kazi ya kutafuta njia ya kupatia mitambo ya simu umeme katika nchi zenye joto na unyevu, ambako betri za kawaida huharibika upesi. Akajaribu nguvu za jua kwa kutumia seleniamu, lakini haikugeuza hata asilimia moja ya mwanga kuwa umeme. Wakati huo huo mwanafizikia Gerald Pearson na mwanakemia Calvin Fuller walikuwa wakifanya majaribio ya kutia uchafu wa makusudi ndani ya silikoni. Pearson aliyajua matatizo ya mwenzake, akamshauri aiache seleniamu na kuishika silikoni. Fuller akatafuta uchafu uliofaa, hatimaye akaangukia kwenye boroni. Tarehe 25 Aprili 1954 waliwaonyesha waandishi wa habari kipande kilichogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Mhandisi, mwanafizikia na mwanakemia. Lau mmoja wao angejifungia katika chumba chake, pengine mtoto wako angesomea mtihani kwa koroboi.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Sasa vyuo vikuu viliingiaje? Mnamo Oktoba 1957 Urusi ya wakati ule ilirusha Sputnik angani, na Marekani ikashtuka. Walipotafuta watu wa kutengeneza vyuma na vigae vya kuhimili joto la roketi, waligundua kwamba wataalamu wa aina hiyo walikuwa wachache, na hao wachache walikuwa wametawanyika katika idara zisizosemezana. Mwaka 1960 serikali yao, kupitia shirika la utafiti la wizara ya ulinzi, ilianza kugharamia maabara za pamoja katika vyuo vitatu: Cornell, Northwestern, na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichoko Philadelphia. Baadaye maabara hizo zilifika 12, na mwaka 1972 zikahamishiwa chini ya wakfu wa taifa wa sayansi. Sharti lilikuwa kwamba watu wa idara mbalimbali watumie vifaa pamoja na kulea wanafunzi pamoja.

Mmoja wa waliosukuma jambo hili mbele hakuwa hata mzaliwa wa huko. Rustum Roy alizaliwa Ranchi, nchini India, mwaka 1924. Akavuka bahari kwenda kusoma, kama wanavyovuka watoto wetu, na akapata uzamifu wake mwaka 1948 katika chuo cha jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1962 alianzisha hapo maabara ya utafiti wa vitu ambamo watu wa miamba, wa kemia, wa fizikia na wa uhandisi walikaa chini ya paa moja. Alifariki mwaka 2010, na hadi mwisho wa maisha yake hakuacha kuwakemea wasomi wanaojenga kuta baina ya masomo.

Katika mazingira hayo ndipo somo la pili lilipopata nguvu. Pale Cornell, katika mji wa Ithaca, mwanafunzi wa uzamifu huchagua somo kuu na masomo madogo, kisha huwa na kamati yake mwenyewe ya walimu. Mwenyekiti wa kamati hutoka katika somo kuu, na wengine huwakilisha yale madogo. Vyuo vingine huhesabu kozi: tatu au nne hivi, zilizosomwa nje ya idara ya mwanafunzi, pamoja na mwalimu mmoja wa upande huo anayeketi katika kamati inayomtahini. Kwa hiyo mwanafunzi wa kemia hujifunza jinsi elektroni zinavyojipanga katika vyuma, wa fizikia hujifunza kuipika fuwele badala ya kungojea aletewe, na wa uhandisi hujifunza kwa nini kifaa chake kinakufa baada ya miezi sita.

Hapo, mzazi mwenzangu, ule msemo wa mshika mbili haujavunjwa. Mwanao hajaacha la kwanza. Tasnifu yake ni ile ile, na shahada atakayotunukiwa ni ile ile. Alichofanya ni kuongeza mkono wa kulishikia. Hata wahenga hao hao walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Huenda ukasema hayo ni ya Wazungu wa zamani. Basi tazama simu iliyo mfukoni mwako. Betri yake ya lithiamu ina historia ndefu, na jina moja humo ni John Goodenough. Alisomea fizikia ya vitu yabisi, akapata uzamifu wake Chicago mwaka 1952. Mwaka 1976 alikwenda Oxford, Uingereza, kuongoza maabara ya kemia. Naam, mwanafizikia aliwekwa juu ya wanakemia! Mwaka 1980 yeye na wenzake walionyesha kwamba kitu kiitwacho oksidi ya kobalti na lithiamu kinaweza kuhifadhi nguvu nyingi. Betri za aina hiyo zikaingia sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 mwanafizikia huyo akapewa Nobel ya kemia akiwa na umri wa miaka 97. Alifariki mwaka 2023 akiwa ametimiza miaka 100.

Na wewe mwenye binti usigeuze ukurasa. Mildred Dresselhaus alizaliwa New York mwaka 1930 katika familia maskini ya wahamiaji kutoka Poland. Enzi hizo msichana mwerevu aliambiwa achague ualimu, uuguzi au ukatibu. Yeye alisoma fizikia, akapata uzamifu mwaka 1958, akaolewa, akalea watoto wanne, na katika chuo cha MIT akawafundisha wanafunzi wa uhandisi fizikia ya vitu yabisi. Alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme na profesa wa fizikia, vyote pamoja. Kaboni ile ya penseli tuliyoitaja hapo awali ndiyo aliyoichunguza kwa miongo mingi, hata akaitwa malkia wa kaboni. Alifariki mwaka 2017. Sijasikia popote kwamba aliponyokwa na kitu.

Sasa tuje kwenye mfuko, maana mapenzi bila hesabu hayajengi. Wazazi wengi hawajui kwamba katika masomo ya sayansi huko Marekani, mwanafunzi wa uzamifu kwa kawaida halipi karo. Chuo humlipia, na humpa posho ya kujikimu kwa kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au kusaidia katika utafiti. Shahada ya uzamili ndiyo ambayo mara nyingi mtu hujilipia. Kwa hiyo mtoto akikuambia amepata nafasi ya uzamifu wa fizikia na anahitaji uuze ng'ombe wote ili alipe karo, muulize mara mbili, tena umwombe barua ya chuo uisome mwenyewe. Vilevile ujue kwamba tangu 2025 fedha za utafiti za serikali ya Marekani zimebanwa, na baadhi ya vyuo vimepunguza nafasi. Barua yenye ahadi ya posho ina thamani kuliko jina kubwa la chuo lisilo na ahadi.

Na somo la pili lina gharama gani? Gharama yake kubwa ni muda. Kozi nne ni kozi nne. Zikipangwa vizuri katika miaka miwili ya mwanzo, hazimcheleweshi mtu. Zikirundikwa mwishoni, wakati tasnifu inadai usingizi wake, zinaweza kuongeza mwaka mzima. Na mwaka mmoja ng'ambo ni mwaka ambao mama anazeeka bila kumwona mwanawe. Usilichukulie jambo hilo kama dogo.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima niliseme wazi, kwa sababu limewahi kuzusha machozi katika familia. Somo la pili si shahada ya pili. Kijana aliyesomea fizikia, akaongeza sayansi za vitu yabisi na kupitia madarasa ya uhandisi, hageuki kuwa mhandisi mbele ya sheria ya Kenya. Bodi ya wahandisi hapa kwetu husajili watu wenye shahada ya uhandisi iliyotambuliwa, wala haitazami kozi nne za pembeni. Ikiwa ndoto ya mwanao ni kupiga mhuri wa mhandisi kwenye ramani za majengo, njia yake ilianzia katika shahada ya kwanza, na ni heri ajue leo kuliko kujua siku ya mahojiano ya kazi.

Utauliza: akirudi, atafanya kazi gani huku? Swali zuri. Garissa kuna mtambo wa umeme wa jua wa kiasi cha megawati 50, uliofunguliwa rasmi mwaka 2019. Vijijini, nyumba ambazo hazijafikiwa na nyaya za stima zimetegemea sola kwa miaka mingi. Paneli hizo huchakaa, betri hufa, na nyingine huingia nchini zikiwa na kasoro. Ni nani anayeweza kuifungua iliyokufa na kutuambia imekufa kwa sababu gani? Nyeri nako, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, imeanzishwa karakana ya semikondakta, vile vipande vidogo ambavyo ndivyo akili ya kila kifaa cha umeme. Karakana kama hiyo haiendeshwi na mtu anayejua somo moja tu.

Kisha fikiria Kwale. Kwa miaka mingi, hadi mwisho wa 2024, mchanga wa Kwale wenye madini ya titani ulichimbwa, ukatenganishwa, ukapakiwa melini pale Likoni na kupelekwa ng'ambo. Meli ziliondoka na mchanga, zikarudi na rangi za nyumba na bidhaa nyingine za dukani. Sasa mgodi umefungwa. Sisemi kwamba mtoto mmoja mwenye somo la pili angeyageuza hayo yote. Kiwanda kinahitaji mtaji, umeme wa bei nafuu na soko. Lakini nchi isiyo na watu wanaoelewa yabisi kutoka mwambani hadi dukani itaendelea kuuza kwa kilo na kununua kwa gramu, hata mtaji ukipatikana.

Wala si lazima kila mtu apande ndege kwenda Marekani. Mjini Trieste, Italia, kuna kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyetaka wasomi wa nchi maskini wasikatwe na ulimwengu. Tawi lake la Afrika Mashariki lilifunguliwa Kigali, Rwanda, mwaka 2018, na fizikia ya vitu yabisi ni miongoni mwa yanayofundishwa hapo. Kigali ni safari ya basi. Na hata katika vyuo vyetu vya hapa nyumbani, hakuna sheria inayomkataza mwanafunzi wa kemia kubisha hodi katika idara ya fizikia na kuomba kuketi nyuma ya darasa. Anachohitaji ni ruhusa ya mwalimu na miguu ya kuvuka ua.

Kwa wenye watoto wadogo, mfumo mpya wa elimu umewaletea njia tatu katika sekondari ya juu, na wengi wanaopelekwa kwenye njia ya sayansi wataambiwa mapema wachague hili waache lile. Wachague, ni sawa. Ila usimruhusu mtoto ajenge ukuta akilini mwake kwamba mtu wa fizikia haulizi maswali ya kemia.

Kwa hiyo mwanao akikupigia kukuuliza maoni, mjibu kwa maswali haya. Kwanza, je, mwalimu wa somo hilo la pili ataketi katika kamati yake, au ni jina tu kwenye fomu? Pili, kozi ni ngapi, na atazimaliza mwaka gani? Tatu, zitamfungulia mlango wa maabara na mashine ambazo idara yake haina? Kozi bila maabara ni kusoma upishi bila kuingia jikoni. Nne, litaandikwa katika nakala yake ya matokeo, ili mwajiri alione? Tano, posho yake inaendelea kulipwa akiwa huko? Na la mwisho, ambalo ni wewe tu mzazi unayeweza kumuuliza: ni swali gani katika somo lake kuu ambalo ameshindwa kulijibu, na anaamini somo hili litamsaidia? Akiwa na jibu la swali hilo la mwisho, mpe baraka zako. Akikosa, mwambie atulie kwanza na la kwanza, kwani mwenye kutangatanga na mwenye kutafuta hufanana kwa mbali, lakini ukiwakaribia unawatofautisha kwa kuwauliza wanakwenda wapi.

Na majirani wakikuuliza daktari anasoma nini siku hizi, waambie anajifunza jinsi chumvi kidogo inavyobadilisha chungu. Watakaotaka kuelewa zaidi, wape ukurasa huu wasome.